Kupika mbao: namna ya kuipa paini rangi ya uzee mpaka ndani, na kujua rangi hiyo imekugharimu nini

Kiraka cha paini mpya kwenye kabati la zamani huonekana tangu mlangoni. Rangi ya kupaka hukificha, lakini pitisha msasa mara mbili kwenye kona na weupe unarudi. Joto hufanya kazi tofauti. Likitumika kwa utaratibu hubadili rangi ya ubao hadi moyoni, kwa sababu linabadili kemia ya mbao zenyewe. Faida iko hapo, na gharama iko hapo hapo: kila hatua ya ukahawia unayoipata umeilipia kwa sehemu ya nguvu ya ubao. Fundi anayetazama rangi peke yake huja kushangaa siku skrubu inapopasua kazi yake. Anayetazama rangi na mizani pamoja anajua mapema.

Mwongozo huu unahusu vipande vidogo: viraka, fremu, droo, urembo, mbao za vifaa vya muziki, vitu vinavyoingia kwenye oveni ya umeme. Viwandani kazi hii hufanywa kwa matanuri makubwa yenye mvuke. Ufini iliikuza kibiashara kuanzia miaka ya 1990, na huko mbao laini kama paini hupikwa kwa madaraja mawili: digrii 190 za Selsiasi kwa matumizi ya ndani, na 212 kwa matumizi ya nje. Bila mvuke usifuate hiyo 212. Karakana ya kawaida ifanye kazi yake kati ya 150 na 190.

Kinachotokea ndani ya ubao

Mbao zimejengwa kwa vitu vitatu vikuu. Selulosi, yenye minyororo mirefu ya sukari iliyopangika vizuri, ni kama asilimia 40 hadi 45 ya uzito mkavu na ndiyo inayobeba nguvu ya kuvutwa. Hemiselulosi ni minyororo mifupi yenye matawi inayounganisha selulosi na lignini, na lignini ndiyo gundi ngumu inayoshikilia vyote. Katika paini lignini hufika asilimia 25 hadi 30. Kinachobaki ni utomvu, mafuta na rangi za asili.

Hemiselulosi ndiyo dhaifu kuliko wenzake, na moto huanza nayo. Kwenye minyororo yake kumening'inia vikundi vidogo vya atomi viitwavyo asetili. Joto likipita digrii 140 au 150 vikundi hivyo huachia na kuwa asidi asetiki, ile ile iliyo kwenye siki, na ndiyo maana oveni hunuka siki. Asidi hiyo haikai bure. Inarudi kuikata hemiselulosi iliyobaki, na kila inapokata inazaliwa nyingine, kwa hiyo kazi hujiongezea kasi yenyewe. Sukari zinazokatwa hupoteza maji na kugeuka kemikali iitwayo furfurali na jamaa zake, kisha hizo hujiunga zenyewe kwa zenyewe na pia hujiunga na lignini, zikatengeneza molekuli kubwa zenye rangi ya kahawia. Lignini nayo hukatika baadhi ya viungo vyake, ikaungana upya na kuzaa kwinoni, ambazo hufyonza mwanga wa bluu na kuuacha wekundu na umanjano uturudie machoni.

Selulosi huchelewa. Sehemu yake iliyopangika hustahimili hadi karibu na digrii 300, ingawa asidi huigusa ile isiyopangika. Kwa sababu hiyo ubao uliopikwa vizuri huendelea kuwa mgumu kupinda karibu kama mwanzo, lakini hupoteza unyumbufu. Kiungo kati ya nyuzinyuzi kimelika, na ubao ukizidiwa unakatika ghafla.

Mabadiliko mengine huonekana baada ya miezi. Hemiselulosi ndiyo yenye vikundi vingi vya haidroksili vinavyokamata maji. Zikipungua, ubao hunywa unyevu kidogo. Kwenye hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 80, paini ya kawaida hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Iliyopikwa sana hutulia kwenye kama nusu ya hapo, kwa hiyo inavimba na kusinyaa kidogo. Kwa droo inayokwama kila masika, hii ni faida kubwa kuliko rangi.

Joto na jua visichanganywe. Mwanga wa jua hubadili ngozi tu ya ubao, chini ya robo ya milimita, ukishambulia lignini. Joto hupita unene wote. Uzee wa asili wa mbao zilizokaa gizani, kama mihimili ya hekalu la Hōryū-ji kule Nara, Japani, iliyosimama tangu karne ya 7, unafanana zaidi na joto kuliko jua: ni oksijeni na joto la kawaida vikifanya kazi polepole mno. Oveni huharakisha njia iliyo karibu na hiyo, ingawa si ile ile kabisa.

Kanuni ya mkono inayosaidia sana: karibu na digrii 170, kila ukiongeza digrii 10 kasi ya kubadilika rangi huongezeka takriban mara mbili. Saa 4 kwenye 170 ni karibu sawa na saa 2 kwenye 180. Kwa hiyo oveni inayodanganya kwa digrii 15 inaharibu hesabu yote, na nyingi hudanganya zaidi ya hapo.

Vifaa

- Oveni ya umeme yenye feni, inayofika digrii 200, ambayo haitapikiwa chakula tena. Asidi na furfurali hushika kuta zake na hazitoki.
- Kipimajoto chenye waya mbili za kuchomeka, moja ya hewa ya oveni na moja ya moyo wa ubao. Zijaribu kwenye maji yanayochemka: Dar es Salaam na Mombasa zisome 100, Nairobi zisome karibu 94 kwa sababu ya mwinuko.
- Mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu kwa vipande vidogo.
- Foili ya alumini, koleo refu, glavu za joto, kopo la bati lenye kifuniko linaloingia vipande.
- Kizimamoto cha unga na blanketi la moto. Oveni ikae nje chini ya paa, au kwenye chumba chenye madirisha mawili yaliyo wazi na hewa inayopita. Moshi wa mbao zinazopikwa una asidi asetiki, asidi fomiki, furfurali na kaboni monoksaidi. Usiufanyie kazi ndani ya nyumba inayolalwa watu.

Hatua ya kwanza: kata ngazi ya rangi

Usianze na kipande cha kazi. Anza na ngazi ya rangi, yaani vipande vya majaribio vinavyopikwa kwa muda tofauti ili ulinganishe rangi. Chukua ubao mmoja ulionyooka nyuzinyuzi, usio na vifundo wala mifuko ya utomvu, wenye unene wa milimita 10, upana 40 na urefu kama mita 1.2. Ukate vipande 10 vya milimita 100 vikifuatana. Viandike namba kwa penseli kwenye ncha, kwa sababu wino hupotea au huchoma alama.

Vipande 2 ni mashahidi: viweke kwenye bahasha, gizani, visipikwe. Kimoja kitobolewe kwa keekee ya milimita 3 kutoka ncha, kina cha milimita 40, kiwe nyumba ya kipimajoto. Vinne vitapikwa kwenye 170 kwa saa 1, 2, 4 na 8. Vitatu vitapikwa kwenye 190 kwa saa 1, 2 na 4. Vyote vitoke ubao mmoja, kwa sababu paini ya mti mchanga na ya mti uliokomaa haziivi sawa, hata zikitoka shamba moja.

Hatua ya pili: kausha mpaka maji yaishe kabisa

Makosa mengi hutokea hapa. Ubao wenye maji asilimia 15 ukiingizwa kwenye digrii 170, maji hugeuka mvuke ndani ya nyuzinyuzi na kupasua njia ya kutokea. Yasipopasua, hushirikiana na asidi kuikata hemiselulosi kwa haraka kuliko ulivyopanga, na sehemu iliyokuwa na maji mengi hutoka nyeusi kuliko jirani yake. Madoa mengi yanayosingiziwa oveni huanzia kwenye unyevu usio sawa.

Pima kila kipande na uandike. Weka vyote kwenye digrii 60 kwa saa 6, kisha 103. Baada ya saa 8 za 103 pima tena, rudisha, pima kila baada ya saa 2. Uzito ukiacha kushuka kwa zaidi ya asilimia 0.1 kati ya vipimo viwili, kipande ni kikavu. Huo ndio uzito mkavu wa mwanzo, na ni namba muhimu kuliko zote utakazoandika.

Kipande kilichoanza na gramu 18.40 na kuishia 16.20 kilikuwa na maji gramu 2.20. Gawanya kwa 16.20: asilimia 13.6.

Paini hutoa utomvu wakati huu, matone yanayonata usoni. Yafute yakiwa bado na vuguvugu kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha acha kipande nje ya oveni mpaka harufu iishe kabisa. Mvuke wa tapentaini ndani ya oveni hulipuka. Baada ya hapo kirudishe kwenye 103 na ukipime upya.

Hatua ya tatu: pika

Funga kila kipande peke yake kwa tabaka mbili za foili, kunja ncha, kisha toboa tundu moja dogo kwa pini. Foili hupunguza oksijeni na kukinga uso dhidi ya mwale wa moja kwa moja wa koili. Tundu huachia gesi. Bila foili, uso hutangulia kuwa mweusi na moyo ukabaki umepauka, halafu randa ikipita milimita moja rangi inabadilika. Bila tundu asidi hujazana ndani, na kipande hupoteza nguvu nyingi kwa rangi ile ile.

Panga vipande katikati ya oveni, sentimita 2 kati ya kimoja na kingine, visiguse ukuta. Weka bamba la bati kati yake na koili ya chini. Panda kutoka 103 hadi 130 kwa saa nzima, kisha hadi 170 kwa saa moja na nusu. Vipande hivi ni vyembamba. Kwa ubao wa milimita 20 panda digrii 10 hadi 15 tu kwa saa baada ya 130, na usiruhusu hewa ya oveni kuuzidi moyo wa ubao kwa zaidi ya digrii 20.

Saa huanza kuhesabiwa pale waya wa moyoni unapofika digrii 3 chini ya lengo. Kuhesabu tangu ulipozungusha kitufe hufanya matokeo ya leo yasirudiwe kesho.

Muda wa kipande ukifika, fungua mlango, kitoe kwa koleo, kitie kwenye kopo la bati, funika, funga mlango. Isizidi sekunde 15. Kisiachwe wazi mezani kikiwa cha moto: mbao za moto huweza kuendelea kubadilika rangi zikikutana na oksijeni.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, acha mlango umefungwa. Soma waya wa moyoni, andika saa ulipoteremka chini ya lengo kwa zaidi ya digrii 5, na umeme ukirudi endelea kuhesabu tangu moyo unapolifikia lengo tena. Uzito wa mwisho utakuambia kama hesabu yako ilikuwa sahihi.

Ukiona moshi mzito, zima umeme na usifungue mlango. Kufungua ni kuupa moto hewa. Subiri hadi kipimajoto kisome chini ya 100. Na usiiache oveni peke yake ikiwa juu ya 150, hata kwa dakika chache za kwenda dukani.

Vipande vya 190 vipikwe siku nyingine kwa njia ile ile, kwa kupanda kutoka 170 hadi 190 kwa saa moja zaidi.

Hatua ya nne: poza na urudishe unyevu

Zima oveni na uache mbao zilizobaki ndani hadi zishuke chini ya 80. Ubao mnene ukitolewa kwenye 170 kwenda hewani hupasuka uso, kwa kuwa nje husinyaa wakati ndani bado kumetanuka.

Pima uzito mkavu wa mwisho mara tu kipande kinapofika joto la kushikika. Ukikiacha usiku kucha kitakuwa kimevuta maji kutoka hewani na namba itadanganya. Baada ya hapo vipange kwa vijiti vya kutenganisha, kivulini, kwa wiki moja hadi mbili. Mbao zilizopikwa hutulia kwenye unyevu mdogo. Usizifanyie kazi kabla hazijatulia, kwani zikiwa kavu kabisa huvunjika kingo chini ya randa.

Hatua ya tano: soma matokeo

Upotevu wa uzito: toa uzito mkavu wa mwisho kwenye ule wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo. Kutoka 16.20 hadi 15.71 ni 0.49, yaani asilimia 3.0. Hicho ndicho kiasi cha mbao kilichogeuka gesi na asidi na kwenda zake.

Chini ya asilimia 1, umepata rangi na karibu hakuna ulichopoteza. Kati ya 2 na 4, ubao unafaa fremu, paneli na viraka, lakini si mguu wa kiti. Ukikaribia 8 na zaidi, ubao hupambana vizuri na kuvu, ila umekuwa wa kuvunjika na usibebeshwe mzigo wowote.

Hakikisha kwa mkono. Pasua kijiti cha milimita 5 kutoka kila kipande na kijiti kingine kutoka kwa shahidi, uvivunje kimoja kimoja. Cha shahidi huvunjika kwa mipasuko mirefu yenye nyuzinyuzi. Kilichopikwa kupita kiasi hukatika kwa ufa mfupi ulionyooka, kama biskuti. Kipande kikivunjika hivyo, kiandike kuwa kimepita kiwango hata kama rangi yake inapendeza.

Kwa rangi, wenye kipima rangi wasome namba tatu: mwangaza, wekundu na umanjano. Paini mpya huwa na mwangaza wa karibu 80 kati ya 100, na huo hushuka muda wote wa kupika. Wekundu na umanjano hupanda kwanza, kisha huanguka. Mahali vinapoanza kuanguka ndipo ukahawia wenye joto unapoanza kugeuka ukijivu mweusi, na hapo ndipo pa kuacha. Asiye na kipima rangi apige picha za vipande vyote pamoja na karatasi nyeupe, kivulini, mchana, bila taa ya simu.

Ukitafuta rangi ya kulingana na fanicha ya zamani, usilinganishe vikiwa vikavu. Paka kila kipande mafuta au vanishi utakayotumia, kisha linganisha, kwa sababu vanishi huongeza kina cha rangi. Kuna jambo jingine la kukumbuka: paini isiyopikwa huiva manjano kadiri inavyopigwa na mwanga, lakini iliyopikwa hupauka. Kiraka kilicholingana leo karibu na dirisha kitakuwa kimepauka baada ya mwaka. Kwa kabati la dirishani chagua kipande kilichozidi kidogo kwa weusi, yaani cheusi zaidi ya fanicha unayoilinganisha.

Mbao nyingine

Mkaratusi una hemiselulosi yenye asetili nyingi kuliko paini, hivyo huzalisha asidi mapema na kuiva mapema. Anza digrii 20 chini. Pia hupenda kupasuka ndani bila kuonekana nje, kwa hiyo awamu ya kukausha iwe ndefu mara mbili. Mtiki mchanga wa mashambani hupata faida nzuri: weupe wa nje na ukahawia wa moyo husogeleana. Mninga na mvule zina rangi zake za asili zinazobadilika bila mpangilio. Huko joto halileti cha maana, na ni heri kuziacha zilivyo.

Kazi ikitoka na kasoro

Kingo nyeusi na katikati pepesi: koili inapiga moja kwa moja, au foili imepasuka. Madoa ya duara: utomvu haukufutwa, au foili iligusa sehemu moja tu. Upande mmoja umeiva kuliko mwingine: feni haisambazi, geuza vipande nusu ya muda. Ubao umejikunja: ulikatwa karibu na kiini cha mti, au ulibanwa ukutani. Rangi ya uso ni nzuri lakini ndani kumepauka: saa zilihesabiwa kabla moyo haujafika joto.

Ukishaanza kuitumia

Toboa kabla ya kila skrubu, hata karibu na katikati. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu au za shaba nyeupe, kwani asidi iliyobaki hula misumari ya kawaida na kuacha michirizi myeusi. Gundi nyeupe ya mbao hunywewa polepole: iache ibanwe mara mbili ya muda ulioandikwa kwenye kopo, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha ngazi. Vumbi lake ni jepesi na kali, barakoa isitoke usoni wakati wa msasa.

Nje, jua huigeuza kijivu ndani ya miezi isipopakwa kinga yenye rangi ndani yake, na mafuta matupu hayazuii hilo. Usiifukie ardhini. Na usimwambie mteja kwamba mchwa hawataigusa: joto hupunguza kuvu na unyevu, lakini mchwa wanaendelea kuila, pengine kama kawaida. Ikikaa mahali penye mchwa inahitaji dawa sawa na paini nyingine yoyote, na ipakwe baada ya kupikwa, kamwe si kabla, kwa sababu oveni itaigeuza dawa hiyo kuwa moshi utakaouvuta wewe.